Tundu la kidole gumba: kulea vifaranga wa bata na kuwalinda

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, na ninyi vijana mliokuja na madaftari, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuniita. Mmeniomba niseme juu ya kulea vifaranga wa bata nyumbani na kuwakinga na wale wanaowavizia. Nitayasema yote mawili, lakini sitayapa muda sawa. Kulea mtu hujifunza kwa wiki chache. Kulinda ndiko kunakotutoa machozi, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Mwaka wangu wa pili wa kufuga nilikuwa na vifaranga kumi na mmoja, wenye umri wa siku tisa. Walikuwa wanalala kwenye kibanda cha mbao ambacho mimi mwenyewe nilikigongomea, nikakikagua, nikakiamini. Jioni moja nikibadilisha maranda niliona tundu pale ubao wa sakafu unapokutana na ukuta. Nikajaribu kuingiza kidole gumba, kikaingia. Giza lilikuwa limeshaanza kushuka na nilikuwa nimechoka. Nikasema moyoni, kesho nitaliziba.

Alfajiri nikaenda kufungua. Aliyewahi kufuga bata anajua kwamba vifaranga wakisikia nyayo zako tu huanza kupiga kelele zote kwa pamoja. Siku ile palikuwa kimya. Nikakuta wanne wamesongamana kwenye kona ya mbali, wamebanana mpaka wanaonekana kama tonge moja la manyoya. Saba hawakuwepo. Kwenye ukingo wa lile tundu yalikuwa yamenasa manyoya ya malaika, ya manjano, yale laini ya mtoto wa bata. Nilipong'oa ubao nikakuta watatu chini ya sakafu, wamelazwa pamoja kama mtu aliyejiwekea akiba. Hakuwa chui wala fisi. Alikuwa panya.

Kuliziba lile tundu kulichukua dakika kumi: kipande cha bati na misumari minne.

Tangu siku hiyo kila ninapokutana na mtu aliyepoteza vifaranga, huwa namuuliza swali moja: ile nafasi aliyoingilia adui, uliiona kabla? Karibu wote hunyamaza kidogo, kisha hukubali. Walikuwa wameona komeo limelegea, au waya umeinuka pembeni, au mlango haufiki chini. Ndiyo maana nimekuja kuzungumza nanyi. Mnyama wa porini anafanya kazi yake, na anaifanya kila usiku bila kuahirisha. Sisi ndio tunaoahirisha.

Sasa nianze na kulea, nipite haraka penye wepesi.

Kifaranga aliyetotolewa na mama yake hahitaji taa, mama ndiye joto lake. Mayai ya bata wengi hulaliwa siku 28, na ya wale bata wakubwa wenye vinyama vyekundu usoni hufika siku 35, kwa hiyo asiwahi mtu kuyatupa akidhani yameharibika. Aliyetotolewa kwa mashine anahitaji bruda, yaani kizimba kinachopashwa joto kwa taa. Anza na joto la nyuzi 32 hivi katika siku za mwanzo, kisha punguza nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya ya kweli yaote. Lakini mimi nawaamini vifaranga kuliko kipimajoto. Wakirundikana chini ya taa na kulia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, wana joto. Wakilala wametawanyika, shingo zimenyooshwa sakafuni, waache, wako sawa. Taa yenyewe ifungwe kwa mnyororo na kwa kamba ya pili ya tahadhari, kwa sababu taa ikiangukia maranda makavu utapoteza vifaranga na nyumba pia.

Sakafu isiwe ya kuteleza. Gazeti tupu ni baya: miguu hutanuka upande huu na upande ule, na kifaranga asiyeweza kukusanya miguu yake ndani ya siku za mwanzo anaweza kulemaa. Weka kitambaa kikavu, kisha siku chache baadaye maranda makubwa makubwa, si vumbi la mbao.

Kwenye maji niombe tuende polepole, kwa sababu hapa ndipo wengi waliozoea kuku hukosea. Bata hali bila maji. Anachukua chakula, anakimbilia maji, anarudi kwenye chakula. Ukimwekea chakula kikavu bila maji kando anaweza kukabwa. Tena chombo lazima kiwe na kina cha kumruhusu atumbukize mdomo mpaka juu ya vitundu vya pua, maana hivyo ndivyo anavyosafisha pua na macho yake. Kile kisahani kifupi cha kuku hakimtoshi. Lakini chombo kisiwe kipana kiasi cha kumfanya aingie mwili mzima. Mimi huweka bakuli jembamba, au bakuli pana lililojazwa mawe ya mviringo.

Halafu atamwaga tu, huwezi kumzuia. Maranda yaliyolowa huota ukungu na kutoa ile harufu kali ya amonia inayochoma macho, na mapafu ya kifaranga hayawezi kustahimili. Dawa yake ni rahisi: weka bakuli juu ya sinia lililofunikwa kwa wavu wa chuma. Maji yote yanayomwagika hudondokea chini ya wavu, na wao husimama pakavu.

Kuogelea je? Kifaranga aliye na mama ataogelea mapema, kwa kuwa akitoka majini anaingia chini ya mbawa na kukauka. Asiye na mama huloa, akapoa, akafa huku watu wakisema bata hawezi kuugua kwa maji. Mwogeshe kwa dakika chache, katika maji ya uvuguvugu yasiyo na kina, nawe uwepo, kisha umkaushe. Na hata wenye mama, angalieni kingo za bwawa au karai. Vifaranga wa bata hufa maji si kwa kutojua kuogelea, bali kwa kukosa pa kutokea. Wanazunguka, wanazunguka, ukuta umesimama wima, wanachoka. Weka ubao wa mteremko uliopigiliwa vijiti vya kukanyagia, au ngazi ya mawe.

Chakula nacho kina neno lake. Wiki mbili tatu za mwanzo chakula kiwe na protini karibu asilimia 20, kisha ishuke. Kifaranga wa bata anahitaji niasini, yaani vitamini B3, kuliko kifaranga wa kuku: takriban miligramu 55 katika kila kilo ya chakula. Ikipungua, viungo vya miguu huvimba, miguu hupinda kama upinde, na mtoto aliyekuwa akikimbia huanza kukaa tu. Mara nyingi hamira iliyokaushwa ya kutengenezea bia, ikichanganywa kwenye chakula, hutosha kuziba pengo hilo, ila wahi mapema, kabla miguu haijakomaa ikiwa imepinda. Chakula cha vifaranga wa kuku kilichotiwa dawa msikitumie kabla ya kumuuliza daktari wa mifugo.

Na ukungu. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, na vifaranga wa bata nao wakawa wanakufa. Uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, na sumu iliyopatikana humo ndiyo hii tunayoiita sumukuvu. Wanasayansi waliotaka kupima kama chakula kina sumu hiyo wakawa wanawatumia vifaranga wa bata wa siku moja, kwa kuwa wao huathirika kwa kiasi kidogo mno. Fikirieni hilo mnaposhika gunia lenye harufu ya uvundo na kujiambia kwamba mifugo haina shida. Kwa kifaranga wa bata, shida ipo, na ni ya mauti. Mwaga gunia zima.

Jambo moja zaidi kabla sijaingia kwa maadui. Mtoto wa bata, muda mfupi baada ya kutotolewa, hujifunza kumfuata yule anayemwona akitembea mbele yake. Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria, aliichunguza sana tabia hii kwa mabata bukini, na mwaka 1973 akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi yao juu ya tabia za wanyama. Kwenu ninyi maana yake ni hii: ukiwalea kwa mkono watakufuata mpaka chini ya kisigino, kwa hiyo tazama unapokanyaga. Lakini pia unaweza kuitumia. Tangu siku ya kwanza nawapigia kopo kabla ya kuwapa chakula, tak tak tak. Wakifika wiki ya sita wako uani, jua linazama, napiga kopo, wanakuja mstari mmoja mpaka ndani ya banda. Kuna jioni ambazo kopo hilo limeokoa zaidi ya kufuli.

Sasa, nani anakuja?

Mwenye kufuga ajifunze kusoma alama, maana ukimjua aliyekuja utajua pa kuziba. Ukikuta kifaranga hayupo, hakuna damu wala unyoya, fikiria nyoka. Wakati mwingine utamkuta humo humo bandani, tumbo limejaa, ameshindwa kupita pale alipoingilia. Ukikuta miguu imetafunwa, au kifaranga amevutwa nusu kwenye upenyo, huyo ni panya. Ukikuta wengi wamekufa, wameumwa shingoni, na aliyeliwa ni mmoja au hakuna, amepita nguchiro, kicheche au mmoja wa jamaa zao. Watu humwita mnyama huyo katili, mimi siko nao. Porini windo lingemkimbia, naye angepata moja. Ndani ya banda hawana pa kukimbilia, wanaruka ruka mbele yake, na silika yake haikomi mpaka mruko ukome. Aliyewafungia humo na kumwachia upenyo ni sisi.

Miili iliyotupwa huku na huku bila kuliwa ni kazi ya mbwa, na mara nyingi si mbwa wa mbali. Ni yule unayemlisha. Hakuwa na nia mbaya, alicheza nao. Usimwache mbwa wala paka wako na vifaranga hata kama wanalala naye kibarazani mchana kutwa.

Ukikuta kifaranga hana kichwa naye yuko kando ya waya, alilala ameegemea waya na akavutwa kutoka nje. Ndiyo maana sehemu ya chini ya ukuta wa banda, nusu mita kwenda juu, ni vizuri iwe ubao mtupu usiopitisha mkono wa mnyama.

Wanaopungua mchana, mmoja leo, mmoja kesho, waangalie kunguru, mwewe na kipanga. Kunguru ana subira ya ajabu. Atakaa juu ya mti ule ule siku tatu akijifunza saa unayoingia ndani. Dhidi yake hakuna dawa ila kifuniko: kizimba chepesi kisicho na sakafu, kimezibwa waya juu na pembeni, unachokisogeza kila siku kwenye nyasi mpya na kivuli. Wabaki humo mpaka wawe wakubwa kiasi cha kunguru kutowaweza. Na walipo karibu na mto au ziwa, kuna kenge, kuna samaki wakubwa na kasa wa maji baridi wanaovuta kutoka chini, basi msiwape vifaranga maji ya wazi mapema.

Mama bata husaidia sana mchana. Nimemwona mmoja akimrukia kunguru kwa kifua mpaka manyoya yakabaki chini. Lakini usiku anakaa tu juu ya watoto wake, na adui akifika humuua yeye kwanza. Mwingize ndani kila jioni. Msimfukuze kwa fimbo. Weka watoto kwenye kikapu kifupi, kibebe chini karibu na ardhi ili awaone na kuwasikia, tembea taratibu. Atakufuata akinung'unika mpaka mlangoni, na ataingia mwenyewe.

Nimekuja na vipande viwili vya waya, na naomba vizunguke mikononi mwenu. Huu wa kwanza, wenye matundu ya pembe sita, ndio tunaouita waya wa kuku. Tieni kidole. Kinapita chote. Waya huu ulitengenezwa ili ndege wasitoke. Haukutengenezwa ili adui asiingie. Mbwa huuchana kwa meno, na panya hupita bila kukunja mgongo. Huu wa pili ni wavu uliochomelewa, matundu yake ya mraba yana milimita 12 hivi. Tieni kidole hicho hicho. Ni ghali kuliko ule, siwafichi. Kama hela haitoshi banda zima, anza na nusu mita ya chini na kila tundu la hewa, kisha endelea. Uufunge kwa skrubu na washa, maana vile vipini vinavyopigiliwa hung'oka mnyama akivuta kwa uzito wake.

Msiishie ukutani. Anayechimba huanzia pale ukuta unapogusa ardhi. Fukia wavu sentimita 30 kwenda chini, au ulaze juu ya ardhi kuelekea nje, nusu mita, uufunike kwa udongo au mawe. Mchimbaji atakwaruza, atakuta chuma, na mara nyingi hafikirii kurudi nyuma nusu mita ndipo achimbe. Juu napo pazibwe. Mlango uwe na komeo linalohitaji vitendo viwili kulifungua, kwa sababu kulabu ya kawaida mbwa huisukuma kwa pua, na wapo wanyama, kama yule rakuni wa Marekani, wanaoifungua kwa vidole kama mtu. Hewa muiache ipite, tena sana, kwa sababu bata hutoa unyevu mwingi na banda lisilopumua huwatia maradhi. Lakini ipite kwenye wavu, juu ya vichwa vyao.

Baada ya kila mvua kubwa, zunguka banda. Mbao huvimba na kusinyaa, udongo huzama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na kwa mfugaji ufa ni huo huo.

Chakula kiondolewe bandani usiku. Hili nalikazia kwa sababu nililijua nimeshachelewa: panya hawakuja kwangu kwa ajili ya vifaranga. Walikuja kwa punje zilizomwagika, wakatoboa njia, wakazoea, ndipo wakakuta kuna kitu kingine. Walio wadogo kabisa, wanaohitaji kula na kunywa usiku, wasilale bandani. Walaze ndani ya nyumba mnayolala ninyi, wiki tatu au nne za mwanzo. Kelele zao utazizoea. Sumu ya panya msiitege walipo bata, maana bata huonja kila kitu. Tumieni mitego iliyofungiwa ndani ya sanduku. Na bundi msimuue kwa imani zozote zile, anakula panya wengi. Mlango wako ukiwa mzima, hana njia ya kuwadhuru bata wako.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha kitu ambacho nikikikumbuka usiku hunifanya nitoke kukagua komeo mara ya pili. Waliwalaza bata kwa mstari na kuwarekodi. Bata wa katikati walilala zaidi macho yote yamefumba. Wa mwisho wa mstari, huku na huku, walilala zaidi na jicho moja wazi, na jicho hilo lilikuwa lile la upande wa nje, upande ambao adui angetokea. Nusu ya ubongo imelala, nusu inalinda. Kwa hiyo hata ndani ya banda ulilofunga, kuna mmoja pembeni ambaye hakulala vizuri kwa ajili ya wenzake.

Jioni wahesabu. Si kwa kutupa jicho, kwa kuwa vifaranga hubadilishana nafasi na utahesabu mmoja mara mbili. Simama mlangoni, wapite mmoja mmoja, uhesabu kwa sauti. Akipungua mmoja mtafute wakati huo huo kukiwa bado na mwanga, atakuwa ameanguka shimoni au amenasa kwenye majani, na analia. Asubuhi wafungulie jua likishapanda, kama saa tatu. Wanaowinda usiku watakuwa wamerudi walikotoka, na bata wakubwa watakuwa wameshataga ndani, mayai hutayatafuta vichakani.

Wale wanne waliobaki walikua. Watatu walikuwa majike, na mmoja wao alinilalia mayai kumi na mawili mwaka uliofuata.

Vile vipande vya waya vikimaliza kuzunguka virudisheni hapa mezani. Kando yake nimeweka kile kipande cha ubao wa zamani, chenye lile tundu, nimekitunza miaka yote hii. Njooni mtie kidole, kisha nitajibu maswali yenu.